Nati Isiyokazwa

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo hata nyinyi mlikuwa mshaota meno, palikuwa na nyumba Ng'ambo, mjini Unguja, na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na vespa. Kaeni vizuri. Na wewe uliyejiegemeza hapo, zima simu. Hadithi hii nikiisimulia huwa nina hasira, na nikimaliza nitawauliza swali. Mara ya mwisho nilipoliuliza watu waliondoka hawasemezani.

Vespa ilikuwa ya marehemu Mzee Vuai. Alipokufa akamwachia mjane wake, Bi Mgeni, na watoto wao watatu: Ussi, mkubwa, Makame, wa kati, na Mize, binti, kitinda mimba. Ilikuwa vespa kuukuu, lakini iliwaka kwa teke moja, kwa sababu kila Ijumaa asubuhi watoto waliitoa uani wakaipamba kama bibi harusi. Plagi ikasuguliwa, oili ikatazamwa, nyaya zikapakwa grisi, tairi zikapigwa pampu.

Mwanzo walifanya wote pamoja, na hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Makame akisafisha plagi, Ussi anaifungua tena kwa kuwa hamwamini mdogo wake. Siku moja akairudisha imekwenda upande, ikala meno ya tundu lake kwenye injini. Ndugu wa tumbo moja wakashikana mashati, petroli imemwagika, majirani wanachungulia juu ya ukuta. Bi Mgeni akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaigawa vespa ile kama mtu anayegawa samaki.

"Ussi, breki na nyaya. Makame, injini. Mize, tairi na kuosha. Kila mtu na chake! Na atakayegusa cha mwenzake, hata nati moja, hana radhi zangu."

Mmelisikia neno hilo? Radhi. Mtu kwetu atavuka moto, radhi ya mama haivuki. Basi wakaishika amri, na kweli uani pakatulia.

Wakajiwekea na alama. Mwenye kazi ambayo haijesha afunge kitambaa chekundu, kipande cha kanga mbovu, kwenye usukani. Ukikiona, usiwashe. Mwenye kazi akimaliza akifungue mwenyewe. Alama nzuri, sikatai. Ila Ussi alikuwa hodari wa kufunga na mzito wa kufungua. Anamaliza kazi, anakwenda kuoga, anakula, anatoka, na kitambaa bado kinapepea. Mwanzo wenzake walimwita: "Kaka Ussi, ushamaliza?" Wakaita tena wiki nyengine, na nyengine. Mwisho hawakuita. Wakawa wanakifungua tu, wanakwenda zao.

Sasa mtieni akilini mtu mmoja zaidi, Bi Shemsa. Huyu alikuwa shoga wa Bi Mgeni tangu wakicheza mdako. Alikuwa na kovu la moto, limeshuka kutoka begani mpaka kiunoni, na katika wanawake wa mji mzima aliyewahi kuliona ni Bi Mgeni peke yake. Wakapeana ahadi: atakayetangulia kufa, mwenzake atamwosha kwa mikono yake, wala hatomwachia mtu mwengine. Ahadi hiyo waliiweka wakiwa wasichana, wakaishika wakiwa bibi.

Ijumaa moja Ussi akaukagua waya wa breki ya nyuma, akaukuta umeanza kukatika nyuzi. Akafanya la maana: akautoa, akatia mpya. Ikabaki kuikaza nati inayoshika ncha ya waya kule chini kwenye gurudumu, kazi ya kuzungusha spana na kusema bismillahi. Mara gari ya wachimba kaburi ikasimama mlangoni.

"Ussi! Bi Shemsa amefariki. Panda twende makaburini, watu hawatoshi."

Shoga wa mama yake! Angesema nini, subirini nikaze nati? Akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, akanawa, akapanda gari.

Akaja Makame, akainama kutazama oili ya gia, na hapo chini akaiona nati imelegea na waya umekaa tu. Spana anayo mkononi. Spana ile ile! Akaitazama nati, akakitazama kitambaa, akasema, "Cha Ussi hicho." Adhana ya kwanza ikalia, akaiweka spana chini, akaenda msikitini.

Akaja Mize na ndoo. Akakiona kitambaa, kimejaa grisi, kinanuka. Akasema, "Kaka huyu, hata siku moja!" Akakifungua, akakitia povuni pamoja na vitambaa vyengine, akaiosha vespa mpaka ikametameta.

Hajaikausha, simu ikaita ndani. Walikuwa watu wa kwa Bi Shemsa, na ndipo Bi Mgeni alipopata habari ya msiba: maji yashapashwa moto, sanda ishakatwa, maiti anamsubiri Bi Mgeni, na mazishi ni baada ya sala, hayasubiri. Bi Mgeni akatoka na buibui limekaa upande, machozi yanamtoka.

"Mize! Toa chombo unipeleke!"

"Mama, ngoja niikague kid—"

"Ukague nini na shoga yangu yuko kitandani? Washa!"

Mji ulikuwa mtupu, wanaume wote msikitini, teksi hata ya dawa haipatikani. Mize akapiga teke, mama akapanda nyuma, wakaondoka. Njia ya kwa Bi Shemsa inashuka mteremko mkali. Mize akakanyaga breki ya nyuma. Mguu ukazama mpaka chini, hola. Akabana ya mbele, na nyinyi mnazijua breki za mbele za vespa kuukuu: zinakuamkia tu, hazikusimamishi. Mbele kuna ukuta, pembeni kuna tuta la kokoto la mtu anayejenga. Mize akakata usukani, akaingia kwenye kokoto. Yeye akachubuka magoti. Bi Mgeni akaanguka na mkono wa kulia chini yake, na mkono ukavunjika.

Walipokuwa wakimfunga plasta, jeneza lilitoka. Bi Shemsa alioshwa na wanawake ambao hakuwahi hata kuwavulia mtandio.

Na mtu asiniambie hapa kwamba ajali haina kinga! Nimeshaisikia hiyo. Ajali hii ilikuwa na kinga, ilikuwa na nati, ilikuwa na spana yake, na ilipitiwa na watu watatu asubuhi moja, wote wazima, wote wana macho.

Matanga yalipoanuliwa, Bi Mgeni akawaita watoto wake uani, mbele ya vespa iliyopinda. Hakuwa akilia tena. Alikuwa amekasirika, hasira ile ya mtu mpole, ambayo ndiyo mbaya kupita zote.

"Mlinivunja mkono, nimesamehe, mkono utaunga. Lakini Shemsa alinisubiri, nami sikufika. Hilo siwezi kumeza. Mwenye kosa hili atoke nyumbani kwangu kabla ya magharibi, akaishi atakakojua. Haya, semeni. Ni nani?"

Ussi akasimama. "Mama, miye nilikwenda kumchimbia kaburi shoga yako. Sikuiacha kazi kwa mchezo. Na nilifunga kitambaa, wallahi nilifunga, na mkono wangu haukukifungua. Aliyekifungua ndiye aliyekuvunja mkono. Si langu!"

Mize akaruka. "Si lako? Kitambaa chako kimefungwa wiki ngapi hapo na kazi ishakwisha? Umetufundisha mwenyewe kwamba hakina maana, leo unataka tukiogope? Mimi kazi yangu kuosha, na kitambaa kilikuwa kichafu. Nilitaka kukagua nikaambiwa washa. Na tungegonga ukuta lau si mimi! Mwulizeni huyu aliyeiona nati kwa macho yake akaenda zake. Si langu!"

Makame uso ukamwiva. "Niliiona, ndiyo. Ningeweza kuficha, nani angejua? Nimewaambia mwenyewe, tangu siku ile. Na ningeikaza, ningekuwa nimegusa cha Ussi, na aliyesema mwenye kugusa hana radhi ni nani? Nilikiona kitambaa kipo, nikajua hakuna atakayewasha. Nilishika amri ya mama yangu. Kushika amri nako kumekuwa dhambi? Si langu!"

"Ulikuwa na spana mkononi!" Ussi akapiga kelele.

"Na wewe ulikuwa na mdomo! Ungeniambia 'Makame, nimalizie' ingekuuma nini?"

"Kitambaa si ulikiona!"

"Kitambaa, kitambaa! Kitambaa kinakaza nati?"

Wakashikana mashati tena, pale pale, kama siku ile ya plagi. Majirani wakarudi ukutani. Mize akajitia katikati akawasukuma, huyu huku na huyu kule, magoti yake yanatoka damu upya. Kisha akageuka, akamtazama mama yake, na akasema lile ambalo mtoto kwetu halisemi.

"Na wewe je, mama?"

Majirani wakazidi kuinamia ukuta.

"Uliigawa vespa vipande vitatu," Mize akasema. "Lakini ikitembea, inatembea nzima. Ulitunyima radhi tukigusiana kazi, tukaacha hata kuulizana. Siku ya haja ukasema washa, wala hukungoja nikague. Utatufukuza sisi, na wewe utamfukuza nani?"

Ussi akainua mkono ampige dadake kwa utovu wa adabu. Bi Mgeni akamzuia kwa ule mkono wake mzima. Makame akainama, akaokota spana, akaishika tu, hajui aiweke wapi.

"Nimesema mwenye kosa atatoka," Bi Mgeni akasema mwisho, "na neno langu sirudishi. Kama ni mimi, nitatoka mimi. Lakini sitoki kwa kusutwa na mtoto, wala simtoi mtoto kwa hasira zangu. Waiteni wale wanaochungulia ukutani. Wao wamesikia yote. Waamue wao."

Majirani wakaingia. Mmoja akasema Ussi, mwenzake akamkatiza akasema Mize, mwanamke mmoja akasema Makame na mumewe akamwambia nyamaza. Hakuna aliyethubutu kumtaja mama. Wakagombana mpaka jua likaanza kushuka, na Bi Mgeni amesimama kizingitini, amelivaa buibui kwa mkono mmoja, anawangoja wamwambie.

Mimi nimeishia hapo, na msinikodolee macho, kwa sababu majirani wa ukutani ndio nyinyi. Yuko aliyeiacha nati akaenda kuchimba kaburi. Yuko aliyeiona akashika amri. Yuko aliyefungua alama iliyokwisha kuharibiwa na aliyeifunga. Na yuko aliyetoa amri, akavunjika mkono, akakosa kumwosha shoga yake. Magharibi inaingia na mlango uko wazi. Haya, semeni, na atakayesema "wote" nitajua anakimbia: je, nani alistahili kutoka?