Mji Usioingiwa Bila Hodi

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likimvunjikia mkononi, mpita njia hudhani kazi imekwisha na moto utazimwa. Mhunzi mwenyewe hutikisa kichwa, akatafuta njia nyingine ya kukishika chuma chake, maana ujuzi haukuwa ndani ya koleo. Wahenga waliyaona hayo wakasema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayetaka kuijua maana ya maneno hayo na aisikilize habari ya Jaha binti Abdulhalim wa mtaa wa Shela, Malindi, ambaye koleo lake lilikuwa kaseti.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Jaha alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mjini. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na maneno yake machache. Kaka yake, Mahadhi, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na safari moja alirudi na kisanduku cha kijivu chenye vibonye vya herufi. Alimkabidhi dada yake kwa fahari, akimwambia kuwa amemletea taipureta ya kisasa. Maskini Mahadhi, aliuziwa asichokijua. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kuunganishwa na televisheni, nayo haikuwa na hata mahali pa kutia karatasi.

Mtu mwingine angeifunika kitambaa akaiweka juu ya kabati pamoja na maua ya plastiki. Jaha hakufanya hivyo. Alifungua kitabu cha maelezo kilichokuja nayo, akasoma, akajaribu, akakosea, akarudi kusoma. Mwaka haukwisha kabla hajaanza kuituma mashine ile kama mama anavyomtuma mtoto dukani.

Kisha akatunga mchezo. Haukuwa mchezo wa mpira wala wa kukimbizana. Mchezaji alijigeuza mtu mwingine, msafiri anayefika katika mji wa kale uitwao Kilindo, mji ambao nusu ya watu wake wamehama na hakuna anayesema kwa nini. Maneno yalitokea kwenye kioo cha televisheni yakimweleza alipo na anachokiona, naye akaandika atakalotenda. Akichagua vibaya hufa, akichagua vyema husonga mbele. Humo Jaha alitia walinzi, mapanga, majini na hazina iliyofichwa kisimani. Shangazi yake Mwanatumu, aliyemlea tangu utotoni, aliutazama mchezo ule akasema kuwa una vifo vingi kuliko mwaka wa ndui. Shangazi huyo alikuwa kiongozi wa waimbaji wa harusi pale Shela, na ulimi wake haukujua likizo.

Bahati haina hodi. Siku moja alifika pale ofisini mfanyabiashara kutoka Nairobi, jina lake Gitau, aliyekuwa akiuza kompyuta kwa shule na maofisi. Jaha, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari kulimpa shida, alijikaza kisabuni akamwambia kuwa anao mchezo alioutunga mwenyewe. Gitau alicheka, lakini jioni alikwenda kuuona. Mchezo ulikuwa haujakamilika hata nusu, lakini kicheko kilimwisha. Alimweleza Jaha kuwa wateja wake wote wanamdai michezo, na kwamba angependa kufungua ofisi ya kuitengeneza papa hapa nchini. Atarudi mwezi wa Desemba. Akiukuta umekamilika na ukampendeza, ofisi hiyo itafunguliwa na Jaha ndiye atakayeiongoza. Asipoukuta, ataagiza ya ng'ambo na habari itaishia hapo.

Tangu siku hiyo Jaha alikuwa mtu wa kazi mbili. Akitoka ofisini huvua buibui, hunywa chai akiwa amesimama, na kuketi mbele ya televisheni. Kadii, rafiki yake wa kazini mzaliwa wa Gede, alikuwa akija kumjaribia mchezo, akafa kila mara kwa upanga wa mlinzi wa lango. Kufikia Novemba mji wa Kilindo ulikuwa umekamilika, na Jaha alijihisi kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba, amebakiza kupaka chokaa.

Sasa, mashine zile zilikuwa na ila moja. Zikizimwa husahau kila kitu. Kazi ilibidi ihifadhiwe katika kaseti, kaseti zile zile za kurekodia nyimbo, na Jaha alitumia redio kaseti ya shangazi yake. Kosa lake ni kwamba aliiweka kazi yote katika kaseti moja, isiyoandikwa jina, na akawa anaiacha humo humo redioni.

Ikatokea binti wa jirani anaolewa. Mwanatumu na wenzake walijipanga kupiga vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, na safari hii akataka sauti yake irekodiwe, maana umri unakwenda na sauti haina dhamana. Alibonyeza redio asikie kaseti iliyomo ina nini. Akasikia mlio mkali wa kukwaruza, usio na mwanzo wala mwisho. Kumbe hivyo ndivyo kompyuta inavyoliandika neno lake. Mwanatumu aliona kaseti imeharibika, akamshukuru Mungu kuwa haikuwa ya nyimbo nzuri, akaipeleka harusini. Alirekodi upande wa kwanza, akageuza wa pili.

Jaha alipoitia ile kaseti siku ya pili, redio ilimjibu kwa pembe za vugo na vigelegele. Aliipeleka mbele, akairudisha nyuma, akaigeuza. Kilindo ilikuwa imefutika, lango, kisima na majini yake. Alikaa chini sakafuni.

"Nilidhani imeharibika, mwanangu," Mwanatumu alisema alipoelewa alilolitenda. "Yalia kama paka aliyebanwa na mlango. N'tajuaje kuwa ni kazi?"

Jaha hakumgombeza. Alisema tu kwamba mambo yamekwisha, akaizima televisheni na kuifunika kompyuta kwa leso. Uchungu wake ulikuwa mkubwa, na asiyewahi kupoteza kazi ya mikono yake asidhani ataujua kwa kuhadithiwa. Mwanatumu naye, kwa mara ya kwanza tangu mtaa wa Shela umjue, alishinda siku nzima bila ya neno.

Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa Kadii. Alikuja Jumamosi alasiri, akamkuta rafiki yake uani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Akamuuliza kama alikuwa ameusahau mchezo wenyewe. Jaha akajibu kuwa vitu vingine anavikumbuka na vingine hapana.

"Basi hapana haja ya mashine leo," alisema Kadii. "Wewe kaa kwenye mkeka uwe kompyuta. Sisi tutaingia mjini kwa miguu yetu. Utakaposahau tutakwama, na tutakapokwama utakumbuka."

Jaha alikubali kwa shingo upande. Mwanatumu, aliyekuwa radhi kufanya lolote ili asamehewe, akawa msafiri wa kwanza. Jaha akamwambia kuwa amefika Kilindo, mbele yake kuna nyumba, na mlango uko wazi.

"Hodi," alisema Mwanatumu.

Jaha alimweleza kuwa neno hilo halimo. Kinachotakiwa ni aseme ataingia au ataondoka.

"Niingie nyumba ya watu kama upepo? Nina wazimu?" Mwanatumu alishika kiuno. "Na huyo mlinzi wako wa langoni, mbona kila mtu ampiga kwa upanga? Yupo aliyemwamkia?"

Kadii aliangua kicheko, kisha akaongeza lake. Kwao Gede, alisema, mgeni hupewa kigoda na maji kwanza, na hakuna habari inayoulizwa kabla hajanywa. Katika mchezo wa Jaha msafiri alikuwa akiwauliza watu siri za mji hali bado yuko mlangoni, nao wakimjibu. Watu gani hao?

Jaha aliwatazama wawili wale, na uso wake ukabadilika. Aliona, kwa uchungu na kwa furaha pamoja, kuwa mji ule uliofutika haukuwa na watu. Ulikuwa na maadui tu. Aliujaza mapanga na majini kwa kuwa alidhani ndivyo mchezo unavyopaswa kuwa, na katika nyumba zote alizozijenga hakuna hata moja ambayo angekubali kulala. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, au pengine machozi ndiyo yaliyotangulia.

Waliucheza mji wa Kilindo uani pale kila alasiri. Mwanatumu akawa leo mgeni, kesho mwenyeji, na kila jukumu alilivaa kama nguo ya sikukuu. Kadii aliwaongoza mpaka magofuni Gede wakapita milango ya mawe, ili Jaha aone mtu husimama wapi kabla ya kuitikiwa. Kisha Jaha akaifunua kompyuta na kuanza upya. Safari hii kila nyumba ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na moyo wake. Mgeni mwenye adabu aliambiwa kwa nini watu walihama. Asiyekuwa nayo alizunguka barabarani mpaka achoke. Kazi ilihifadhiwa katika kaseti kadhaa, zote zimeandikwa jina kwa wino mwekundu, na Mwanatumu alizikwepa kama anavyomkwepa nyoka.

Gitau alifika Desemba akiwa na haraka zake za bara. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, akapita moja kwa moja hadi sebuleni, akavuta kiti na kuuliza mchezo uko wapi. Mwanatumu alimtazama, akammiminia kahawa kimya kimya.

Kioo kikamwambia Gitau kuwa amefika Kilindo, kuna nyumba, na mlango uko wazi. Akaandika kuwa anaingia. Kioo kikamjibu kuwa mwenye nyumba amemtazama bila kusema neno, na yeye amejikuta tena barabarani. Akaandika vile vile, kwa nguvu zaidi, na jibu likawa lile lile. Alijaribu nyumba ya pili na ya tatu, akajaribu hata kuvunja mlango, japo ulikuwa wazi.

"Hii mchezo yako imekwama," alisema.

Mwanatumu alifungua kinywa. Jaha alimgusa goti asiseme. Alijua kuwa mchezo unaohitaji mtunzi wake akae kando akieleza si mchezo. Gitau aliandika mara nyingine, akapumua kwa hasira, akainuka na koti lake, akatoka kwenda kuvuta sigara barazani. Jaha alivisikia vishindo vya miguu yake vikienda, na aliona ofisi yake ikienda navyo.

Wakati huo huo Kadii alikuwa akiwasili. Nyumba ile ilikuwa kama kwao, na mlango ulikuwa wazi kama kawaida yake. Hata hivyo alisimama nje ya kizingiti, akapiga hodi, akangoja. Mwanatumu akamkaribisha kutoka ndani, ndipo akavua viatu na kuingia. Gitau aliyaona yote hayo na sigara yake haijawashwa. Akaitazama sigara, akautazama mlango. Kisha akairudisha sigara mfukoni, akaja akasimama pale pale aliposimama Kadii.

"Hodi," alisema.

"Karibu, baba," Mwanatumu alimwitikia. "Karibu ndani, karibu sana."

Akaingia taratibu, akawaamkia wote, akanywa kahawa aliyokuwa ameiacha. Ndipo akaketi mbele ya televisheni na kuandika neno lile moja. Kilindo ikamfungukia. Hakuinuka tena mpaka adhana ya magharibi, na alipoinuka alimuuliza Jaha anaweza kuanza kazi lini.

Ofisi ilifunguliwa Mombasa mwaka uliofuata. Jaha aliiongoza miaka yote iliyobakia ya muongo ule, akatoa mchezo baada ya mchezo, na akafundisha vijana wengi waliofika wakiwa hawajui kibonye cha kuanzia. Hakumruhusu yeyote kuigusa mashine kabla mchezo haujachezwa kwanza mkekani na watu wenye miili yao. Wageni walipouliza siri ya michezo ya ofisi ile kuwa na miji inayokalika, aliwaonyesha mkeka. Mwanamke huyo alistahili kila sifa aliyopewa, na nyingine ambazo hazikumfikia.

Mwanatumu alikwenda kumtembelea huko siku moja. Walimkalisha mbele ya Kilindo, akaucheza hadi mwisho, mahali msafiri anapoitwa mwenyeji. Hapo kompyuta ikaanza kuimba kwa sauti yake nyembamba, na wimbo ulikuwa ule wa vugo aliourekodi siku ya harusi. Jaha alikuwa ameutoa katika kaseti ile ile, nota moja baada ya nyingine, bila kumwambia mtu.

Bibi huyo alisikiliza mpaka ukaisha, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sauti wamenitilia ya kifaranga," alisema, "lakini wimbo ni wangu."

Jaha alimshika mkono, akaurudisha wimbo mwanzo. Kaseti iliyoua mji ndiyo iliyoupa mji wimbo wake, na mikono iliyojenga mara ya kwanza ilikuwa ingali na ujuzi wa kujenga mara ya pili. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.