Kinu cha Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na majirani wasumbufu kama sisi, palikuwa na kijiji kiitwacho Mabondeni. Sogeeni karibu. Lakini kila mmoja ashike mahindi yake apukuchue huku akisikiliza. Hadithi inaingia masikioni, vidole havihusiki.

Watu wa Mabondeni walilima mpunga, na hapakuwa na kazi iliyofanywa kimya. Waliopalilia waliimba wimbo wa jembe, mfupi, wa kukata pumzi. Waliochota maji waliimba wimbo wa kupanda kilima, wa polepole, ili maji yasimwagike. Na waliotwanga waliimba wimbo wa kinu, kwa sababu huo ndio uliowagawia zamu. Mkitwanga watatu katika kinu kimoja, mchi mmoja uwe juu, mwingine njiani, mwingine chini. Ti, ti, ti. Mkikosea, michi inagongana. Mbaya zaidi, mchele unavunjika na kuwa chenga.

Mtwangaji hodari kuliko wote alikuwa Bi Kindi. Mwili mdogo, mkia umesimama kama ufagio, mdomo hautulii. Mume hakuwa naye, watoto alikuwa nao wanne, na kinu alikuwa nacho kimoja, cha mti wa mninga, alichorithi kwa mama yake. Majirani walimletea mpunga, akautwanga pamoja na rafiki zake Bi Kanga na Bi Nguchiro, kisha akaachiwa kibaba cha mchele. Kibaba hicho ndicho kilicholisha watoto. Bila kinu, sufuria ilikaa kifudifudi.

Mkuu wa kijiji alikuwa Bwana Kiboko. Kazi yake ilikuwa kula asubuhi, kulala mchana na kutoa amri jioni.

Siku moja adhuhuri alikuwa amejinyoosha barazani, akasikia sauti kutoka uani kwa Bi Kindi. Bi Kindi aliongoza, wenzake wakaitikia:

"Mwenye tumbo amelala."
"Twanga!"
"Mwenye njaa yu kinuni."
"Twanga!"
"Wali ukiiva msimwite."
"Twanga!"
"Ataamka mwenyewe."

Wimbo huo aliusikia kila siku, miaka nenda miaka rudi, lakini siku hiyo usingizi ulichelewa kumchukua. Akafungua jicho moja. Akayasikiliza tena yale maneno. Akafungua na la pili.

Jioni akamtuma msaidizi wake, Nyati, awaite watu wote.

"Kelele zimezidi," akasema Kiboko. "Mtu akiimba, mikono inasahau kazi. Kuanzia kesho, kazi ni kazi na muziki ni muziki. Hakuna kuimba kazini. Anayetaka muziki aje kwangu Ijumaa alasiri, akae chini, anyamaze, Nyati ampigie baragumu."

"Na wimbo wa kinu, Mzee?" akauliza Bi Kanga.

"Huo ndio wa kwanza."

"Kwani una kosa gani?"

"Hauna adabu."

"Maskini," akasema Bi Kindi, uso mkavu kabisa. "Kwani unamsema nani, Mzee?"

Kiboko akalitazama tumbo lake. Watu wote nao wakalitazama.

"Haumsemi mtu," akasema. "Nimeupiga marufuku, basi. Atakayeimba kazini nitamnyang'anya chombo chake cha kazi."

Wiki hiyo Mabondeni kulikuwa kimya. Jembe lilizidi uzito. Maji yalimwagika kilimani. Na pale kinuni, ti, ti, kwa! Michi ikagongana.

"Kidole changu, Bi Nguchiro."

"Zamu ilikuwa yangu, Bi Kanga."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo shida yenyewe."

Mpunga waliozoea kuumaliza kabla ya adhuhuri sasa waliumaliza jua likielekea kuzama, na nusu yake chenga.

Ijumaa wakaenda kwa Kiboko kusikiliza muziki. Wakaketi kwa mistari. Nyati akavuta pumzi, akapuliza baragumu: puuuu, puuuu. Lilikuwa baragumu zuri, siwezi kusema uongo. Lakini kabla hajapuliza mara ya tatu, sauti nyingine ikamjibu kutoka mstari wa mbele: khoroo, khoroo. Ikafuatwa na ya pili. Kufumba na kufumbua, kijiji kizima kilikuwa kinakoroma.

"Mnanikoromea?" Kiboko akafoka.

Bi Nguchiro akafuta mate mdomoni. "Utuwie radhi, Mzee. Zamani wimbo ulibeba nusu ya kazi. Sasa tunaibeba yote sisi. Tukikaa chini tu, usingizi huo."

"Basi chezeni, mchangamke."

"Miguu tumeiacha shambani, Mzee."

Kiboko akawafukuza wote.

Jumatatu yake Bi Kindi alikuwa peke yake kinuni. Mawazo yake yalikuwa kwa mtoto wa mwisho, aliyeamka na homa. Mikono ikatwanga, na mdomo, bila kuulizwa, ukaanza: mm, mm-mm, mm. Alipoinua macho, Nyati alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeimba," akasema Nyati.

"Sijaimba. Nimepumua."

"Umepumua pamoja na kibwagizo."

Nyati akaingiza pembe kwenye kinu, akakinyanyua kama kikombe, akaondoka nacho. Bi Kindi akamfuata mbio hadi kwa Kiboko.

"Afadhali kimekuja," akasema Kiboko. "Jumamosi namwoza binti yangu, na kuni za kupikia wali zimepungua. Mninga mkavu huu utawaka vizuri."

Siku hiyo watoto wa Bi Kindi walikula viazi alivyoleta Bi Kanga. Siku ya pili vilevile. Bi Kindi hakulia. Kulia hakutwangi mpunga. Alikaa akaifikiria ile harusi, akawafikiria wakwe watakaokuja, akafikiria na kile watakachokula. Alhamisi asubuhi akajifunga kanga yake na kwenda.

Uani kwa Kiboko alikuta magunia matatu ya mpunga, hata moja halijafunguliwa. Mkewe, Mama Kiboko, alikuwa ameyakalia, shavu mkononi, na Kiboko mwenyewe amejinyoosha mkekani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umefuata kinu, rudi."

"Nimefuata masomo," akasema Bi Kindi.

"Masomo gani?"

"Ya kutwanga kimya. Tumejaribu siku zote hizi, tumeumizana vidole tu. Na wakwe zako wanavuka mto keshokutwa. Ukiwapakulia chenga, watasema binti wa Kiboko kaozwa kwa chakula cha kuku."

Mama Kiboko akaguna. Kiboko akakaa wima.

"Jambo rahisi kama hilo mmelishindwa?"

"Ni rahisi kwa mwenye nguvu. Na mwenye nguvu hapa Mabondeni ni nani kama si Mzee mwenyewe? Tukikuona wewe na Bwana Nyati mnatwanga gunia moja, kimya, mwanzo hadi mwisho, tutajua inawezekana. Hatutaimba tena kazini, sisi wala watoto wetu. Na kinu changu nitakipasua mwenyewe."

Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Lakini watu wana midomo, Mzee," Bi Kindi akaendelea taratibu. "Watauliza: je, na yeye angeimba?"

"Mimi? Niimbe wimbo wa kinu?" Kiboko akacheka, tumbo likatikisika hadi mkeka ukasogea. "Nikiimba mimi, chukua kinu chako, na mwimbe mpaka sauti ziwakauke."

"Mama, umesikia?" Bi Kindi akamwuliza Mama Kiboko.

"Nimesikia. Na wakwe watasikia."

"Basi naomba majirani waje kusaidia kazi nyingine za harusi hapahapa uani. Kufanya kazi siyo kuimba."

"Waje. Ila kimya."

Bi Kindi akawapokea Bi Kanga na Bi Nguchiro mlangoni, akawanong'oneza: "Msiimbe. Msigune hata kidogo. Fanyeni kazi kama kila siku, ila mwusikilize ungo wangu."

Kinu cha mninga kikatolewa, mpunga ukamiminwa. Kiboko akashika mchi, Nyati akashika wake. Ti. Ti. Kwa! Michi ikakutana hewani, mpunga ukaruka hadi paani.

"Angalia, Nyati."

"Mchi wako umeingia kwenye zamu yangu, Mzee."

"Zamu yako ni ipi?"

"Sijui, Mzee. Hakuna wa kuniambia."

Wakaanza tena. Ti, kwa! Ti, ti, kwa! Jasho likawatoka kama wamepanda kutoka mtoni. Kinu cha kwanza kikaisha. Bi Kindi akauchota ule mchele, akauweka kwenye bakuli. Chenga tupu.

Kinu cha pili kikajazwa. Bi Kindi akaketi na ungo wake, akaanza kupeta.

Che-che, che. Che-che, che.

Bi Kanga akainama na ufagio. Fyaa. Fyaa.

Bi Nguchiro akakalia mbuzi ya kukunia, akakuna nazi. Kwaru-kwaru. Kwaru-kwaru.

Mama Kiboko hakuambiwa lolote na mtu yeyote. Lakini alikuwa mke wa nyumba, na shoka lilikuwa mkononi, na kuni zilikuwa mbele yake. Ko.

Che-che, che. Fyaa. Kwaru-kwaru. Ko.

Hakuna aliyefumbua mdomo. Kila mmoja alitazama kazi yake.

Mchi wa Kiboko ukayumba kidogo, ukatafuta, ukaona njia. Ti. Wa Nyati ukashuka nyuma yake. Ti. Ile "kwa!" haikusikika tena. Ti, ti, ti, ti. Kiboko akashangaa: mchi umekuwa mwepesi. Maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi iliyomkubali hivyo. Kichwa kikaanza kuitika. Mabega yakafuata kichwa. Tumbo likafuata mabega.

Che-che, che. Fyaa. Kwaru-kwaru. Ko. Ti, ti.

Na Kiboko, ambaye wimbo ule alilala nao kila adhuhuri miaka yote hiyo, akafumba macho, akafungua kinywa kile kikubwa, akaimba kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto:

"Mwenye tumbo amelala!"

"Twanga!" akaitikia Nyati.

"Mwenye njaa yu kinuni!"

"Twanga!"

"Wali ukiiva msimwite!"

"Twanga!"

"Ataamka mwenyewe!"

Akarudia mara ya pili. Mara ya tatu akaongeza na madoido ya kiuno. Ndipo Bi Kindi akauweka ungo chini. Ufagio ukasimama. Nazi ikasimama. Shoka likasimama.

Kiboko akafungua macho. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza.

"Tumetii amri, Mzee," akasema Bi Kindi. "Kazini hakuna kuimba."

Kiboko akashusha mchi. "Sikuimba. Nilikuwa nahesabu michi."

"Mimi nilikuitikia, Mzee," akasema Nyati, ambaye hakuwa mwepesi wa kuelewa mambo. "Na uliimba vizuri sana."

"Nyati, nyamaza."

"Hata kile kiuno, Mzee."

"Nyati."

Mama Kiboko akaacha shoka, akaja kinuni. Akachota mchele wa kinu cha pili kwa kiganja, akachota na ule wa bakuli kwa kiganja kingine, akamwonyesha mumewe. Huku chenga. Huku punje nzimanzima, nyeupe, kama zimepangwa.

"Huu wa kimya, huu wa wimbo," akasema. "Mume wangu, tuwapakulie wakwe upi?"

Kiboko akachukua punje nzima moja, akaitafuna. Alikuwa mvivu na alikuwa mkaidi, lakini wali mzuri aliujua.

"Chukua kinu chako," akamwambia Bi Kindi.

"Nitakichukua, Mzee. Kwanza tumalize magunia. Wakwe watakula nini?"

Bi Kanga na Bi Nguchiro wakashika michi, Bi Kindi akaongoza, na magunia yote matatu yalikuwa yamekwisha kabla ya Ijumaa adhuhuri. Bi Kindi akaenda kwake na vibaba vitatu na kinu chake, Nyati akiwa amekibeba kwenye pembe ileile. Sufuria ikageuzwa.

Alasiri ile Nyati akapuliza baragumu kama kawaida. Safari hii hakuna aliyekoroma. Watu walikuja na miguu yao yote, wakacheza mpaka vumbi likapanda juu ya paa. Kiboko naye hakukaza tena amri. Alihamishia usingizi wake wa mchana mtoni, masikio chini ya maji. Wanasema ndiyo sababu mpaka leo kiboko hushinda majini. Lakini waliopita karibu wakati wa kutwanga wanasema pia kwamba maji pale yalikuwa yanatikisika: ti, ti, ti.

Haya, hadithi imefika chini ya kinu. Leteni hilo beseni. Limejaa mahindi, na hakuna aliyelalamikia vidole.

Anayetaka kuupima wimbo wa kazi, kwanza ashike mchi.