Jiwe la Upande wa Udongo Mwekundu

"Hadithi, hadithi!"

"Njoo, mkeka umetandikwa!"

"Ije na ukweli?"

"Ije na uongo mtamu, ukweli tumeushiba!"

Basi hapo zamani wanyama walikuwa na mkokoteni wa kubebea mtama kutoka shambani hadi ghalani. Punda aliuvuta, kwicha-kwacha, kwicha-kwacha, amewekewa vifuniko vya ngozi kando ya macho ili asitamani majani ya njiani. Juu ya magunia, mbele, alikaa Korongo akitazama mbele. Nyuma alikaa Kobe akitazama nyuma. Na mila yao ilikuwa hii: mlinzi hageuzi shingo. Ukigeuza shingo ukiwa zamuni, ni kama umemwambia mwenzako hana macho, na hakuna aliyeutaka ugomvi huo.

Sasa kila safari mkokoteni ulitoka umejaa, ukafika umepungua.

"Korongo, umeona nini?"

"Sikuona mwizi."

"Kobe, umeona nini?"

"Sikuona mwizi."

Safari nyingine, kwicha-kwacha, mtama umepungua tena. Korongo hakuona, Kobe hakuona.

Wakaitana barazani. Mwenyekiti alikuwa Tembo, na siku hizo tumbo lake lilikuwa linafika kikaoni kabla yake. Akakohoa kwa heshima zote. "Ikiwa walinzi hawakuona mwizi," akasema, "mtama uliibwa kabla ya kupakiwa. Anayepakia ni nani?"

Anayepakia ni Pimbi. Shingo zote zikageuka, maana barazani kugeuza shingo ni ruhusa.

"Safari ijayo ukipungua tena," akasema Tembo, "Pimbi atahama kwenye mawe yake, yeye na watoto wake."

Pimbi alirudi nyumbani. Aliogopa, jamani, msimcheke. Hakuwa na mahali pengine pa kuwalaza watoto. Lakini Pimbi hakuumbiwa kulia siku nzima. Asubuhi akawaita walinzi na Punda uwandani, penye kichuguu kimoja tu.

"Bwana Korongo, kichuguu unakiona?"

"Nakiona."

"Kaka Kobe?"

"Sikioni. Si kiko mbele?"

"Vizuri. Punda, twende, na mwendo uwe huo huo. Korongo, kichuguu kikikutoka jichoni useme, tuanze kuimba. Kobe, kikikuingia jichoni useme, tunyamaze."

Kwicha-kwacha, kwicha-kwacha.

"Kimenitoka. Kulia."

Wakaimba: "Vuta, Punda, vuta mtama, vuta, Punda, vuta uji, nyumbani sufuria inasubiri..."

"Kimeniingia," akasema Kobe. "Kushoto."

"Mwongo. Kilikuwa kulia."

"Mwongo ni wewe. Nakiona kushoto kwangu hapa."

Wangerushiana ngumi, kama si Pimbi kuchota udongo mwekundu akaupaka ubavu mmoja wa mkokoteni, na ubavu wa pili akaupaka majivu. "Kuanzia leo hakuna kulia wala kushoto," akasema. "Kuna udongo na kuna majivu."

Wakakipita tena kichuguu, wakarudi, wakakipita tena, wakiongeza neno kwenye wimbo hapa na kulipunguza pale, mpaka wimbo ukatosha sawasawa. Kilichomtoka Korongo upande wa udongo, wimbo ukiisha tu, kinamwingia Kobe upande wa udongo. Walinzi wawili ambao hawajawahi kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja wakaelewana, na Korongo akaona raha mpaka akasahau kununa.

Siku ya safari Pimbi akajibanza katikati ya magunia, kifurushi mapajani. Akipanda juu, mwizi atamwona. Akibaki chini, haoni kitu. Ikabidi aone kwa macho ya wenzake.

Kwicha-kwacha, kwicha-kwacha.

"Naona jiwe kando ya njia," akasema Korongo. "Kubwa, la kijivu." Mawe ya namna hiyo alikuwa akiyaona kila safari, na hakuna aliyewahi kumuuliza yanaishia wapi.

"Likikutoka, sema."

"Limenitoka. Udongo."

Wakaimba. Wimbo ukaisha.

"Kobe?"

"Sijaona jiwe."

Wakaimba tena. Wimbo ukaisha tena.

"Kobe?"

"Sijaona jiwe."

Pimbi akapiga hesabu. Jiwe limemtoka Korongo na halijamfikia Kobe. Basi jiwe lina miguu, tena miguu laini isiyo na kishindo, na linatembea nao sambamba, ubavu wa udongo. Akafungua kifurushi taratibu, akakisogeza ukingoni upande huo huo, akasema kwa sauti: "Jamani, msimwambie mtu kwamba sukari guru ya harusi nimeiweka hapa."

Kisha mkonga ukaja, sss, sss, ukapapasa, ukazama kwenye kifurushi na kuvuta kwa uchu wote. Ndani mlikuwa na pilipili kichaa iliyosagwa.

"Haa... haaa... haaa-chaaa!"

Punda akatoka mbio, na mwenye mkonga akabaki njiani ameketi, puu, matako chini.

"Sasa jiwe limeniingia," akasema Kobe polepole. "Udongo. Lina masikio, na linalia."

Barazani Tembo alifika na mkonga uliovimba kama boga. "Nilikuwa nawalinda," akasema kwa sauti ya puani.

Pimbi akainama kwa adabu. "Tunajua, mjomba, na tunakuomba usiache. Ila ulinzi wako ulikuwa hauonekani, na wema kama huo ni haki yake uonekane. Njoo utulinde kwa kuvuta mkokoteni, mbele ya macho ya Korongo."

Wote wakapiga makofi kabla Tembo hajapata la kusema. Tangu hapo Tembo akawa anavuta, gudu-gudu, gudu-gudu, na Punda anakaa juu ya magunia bila vifuniko, akitafuna. Mtama ukafika ghalani wote, na watoto wa Pimbi wakalala kwenye mawe yao wameshiba.

"Hadithi imefika, shukeni!"

"Tumeshuka, vumbi tumekung'uta!"

Funzo lake ni hili, wakiwauliza nyumbani. Kila mtu aangalie kwake tu, asijishughulishe na anachokiona mwenzake. Na mwenyekiti wa baraza akiwauliza mtama umekwenda wapi, kuweni na adabu, msimtazame tumboni.