Korongo Aliyesalimu Bila Kuuliza

Jumanne, tarehe 3 Novemba 1942, baada ya sala ya alasiri, Bibi Zuhura binti Mwinchande alinisimulia ngano hii, nami naitoa kama nilivyoipokea.

Niitoe nisiitoe?

— Itoe, tukuitikie!

Masikio yapo?

— Yapo, yameketi!

Basi hapo zamani za kale, mwaka ambao haukuandikwa popote, nami sithubutu kuubuni, wanyama waliishi kando ya mto mmoja ulioshuka kutoka mlimani. Juu mlimani walikaa Nyani. Chini bondeni alikaa Digidigi, mjane mwenye watoto watatu, na jirani yake Pimbi, na wanyama wengine wadogo wadogo.

Ukaingia ugonjwa bondeni. Ulianza kwa tumbo, ukaendelea kwa homa, ukamalizia kwa kimya.

Tembo, mkuu wa nchi, alikuwa na ghala la magome ya dawa. Akamwita karani wake, Korongo, akamwambia, "Nenda ukaulize nani mgonjwa. Penye wagonjwa wengi ndipo dawa itakapopelekwa."

Korongo akachukua majani ya kuandikia, akaruka. Mlimani akauliza, "Hamjambo?"

Nyani wakapiga kelele, "Tuna mambo! Mimi nimechubuka kidole! Mimi jino! Mimi nimepiga chafya tangu juzi!"

Korongo akaandika yote. Kisha akashuka bondeni, akasimama kwa mguu mmoja nje ya ua wa Digidigi, asije akakanyaga tope.

"Hujambo, Bibi?"

Digidigi alikuwa amempakata mtoto wake wa kwanza, na mwili wa mtoto ulikuwa ukichoma kama jiwe la jikoni. Lakini Digidigi alilelewa vyema, na mgeni hapokewi kwa malalamiko.

"Sijambo, Bwana Korongo."

"Na watoto, hawajambo?"

"Hawajambo."

Korongo akaandika, akaenda zake akiimba:

*Hawajambo, hawajambo,*
*bondeni hawajambo!*

Dawa ikapanda mlimani. Siku ya tatu mtoto wa kwanza akafa.

Mwezi ulipoandama, Korongo akarudi. Mtoto wa pili alikuwa amelala mlangoni, macho yamezama.

"Shikamoo," mtoto akanong'ona.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mtoto mwenye adabu huyu!" Korongo akafurahi. Akaandika, akaenda zake akiimba:

*Hawajambo, hawajambo,*
*bondeni hawajambo!*

Dawa ikapanda mlimani. Kabla jua halijatua, mtoto wa pili akafa. Nyani wakacheka juu ya miamba: "Enyi wa bondeni! Mtazikwa na adabu zenu!"

Digidigi akabaki na mtoto mmoja, naye tumbo limeanza kumsokota. Mama hakula tena. Alikaa akihesabu pumzi za mwanawe. Moja. Mbili. Akaingoja ya tatu mpaka ilipokuja.

Pimbi akaja kumtazama. "Shoga, Korongo akija mara hii, utamjibu nini?"

"Nitamjibu nini, shoga? Mama yangu hakunifundisha jibu jingine."

Mwezi ukaandama tena. Korongo akasimama nje ya ua, kwa mguu uleule.

"Hujambo, Bibi?"

Digidigi akamtazama mtoto.

"Nina jambo."

Korongo akashusha mguu wa pili.

Majirani wakashika vinywa. "Bibi Digidigi! Mbele ya mgeni?"

"Nina jambo," akasema tena. "Nimezika wawili, na huyu anawafuata."

Korongo akapekua majani yake. "Lakini hapa pameandikwa hamjambo. Mara mbili! Mbona mlinidanganya?"

Pimbi akatoka mwambani kwake. "Hatukukudanganya, Bwana. Ulitusalimu, tukakuitikia. Kuuliza, hujauliza bado. Kwetu mwenye kutaka habari huketi, hunywa maji, ndipo huambiwa."

Korongo akatazama tope. Akaketi. Akaletewa maji katika kata, akatia mdomo, akautoa upesi.

"Maji haya yananuka! Mnayateka wapi?"

"Mtoni."

"Na Nyani hutupa wapi taka zao?"

"Alaa!" akasema Pimbi. "Sasa unauliza."

Korongo akakunjua mabawa ili aruke kwa Tembo. Digidigi akamshika. "La, Bwana. Utaandika tena peke yako. Pimbi anajua kila mlango hapa. Yeye aulize, wewe andika. Na mkimaliza, utusomee sisi kwanza."

Wakapita mlango kwa mlango siku tatu. Siku hizo zote Digidigi alimnywesha mwanawe maji ya umande kutoka mwambani kwa Pimbi, tone baada ya tone, akihesabu pumzi. Ikaonekana kuwa wanywao maji ya mtoni waliugua, na wanywao ya mwambani hawakuugua. Hesabu ikasomwa mbele ya wote. Kobe akainuka: "Wagonjwa wangu ni wanne, si watatu." Ikasahihishwa. Ndipo ikapelekwa kwa Tembo.

Tembo akateremsha magome bondeni siku ileile, na Nyani wakakatazwa kutupa taka mtoni.

"Na kidole changu?" akalia Nyani mmoja.

"Kidole chako," akasema Korongo, "nitakuja kukisalimu."

Funzo lake ni hili: mwenye kutaka kujua maradhi ya watu asiwasalimu akaenda zake, aketi nao, aulize pamoja nao, na alichoandika awasomee wenyewe. Na mgonjwa naye asiifanye adabu kuwa sanda.

Ngano nimeifunga, kamba nawaachia. Atakayeitaka aifungue kwa wanawe.

Ila nasahihisha jambo moja. Shemeji yangu, Bwana Abdurabi Shekimweri, husimulia kwamba watoto wote watatu walipona. Sivyo. Alipona mmoja. Wawili walikufa, na neno la mwisho lililosikika kwa yule wa pili lilikuwa "Sijambo."