Kitabu Chekundu cha Lugoye

Kitabu cha mwenzio hakijui vidole vyako. Mmeyasikia maneno haya leo, vijana, mkacheka, mkauliza kitabu na vidole vinajuana wapi. Methali hii ilianza hivi, kwenye kinu cha kuchambua pamba, na waliokuwapo hawajasahau hata nani alisimama wapi.

Wafanyakazi wa kinu kile walikuwa na bendi. Hawakupewa, waliidai. Aliyeidai kwa sauti kuliko wote ni Ngasa, karani wa mizani na katibu wa chama chao, mtu wa miaka arobaini na mitatu aliyejifundisha kusoma kwa maandishi ya magunia. Aliingia ofisini kwa meneja mara saba. Mara ya saba meneja akacheka.

"Mtu mzima hajifunzi klarineti, Ngasa. Haya, chukueni ghala la zamani mfanyie mazoezi. Mkipiga vizuri Mei Mosi mbele ya wageni wangu, ghala ni lenu. Mkiniaibisha, narudisha magunia yangu."

Klarineti zilikuwa mbili. Ile kuukuu alipewa Lugoye, fundi wa mashine, mtu mpole asiyependa mikutano. Ngasa akajichukulia mpya. Mwalimu hakuwapo, basi wakaenda mjini kutafuta vitabu vya kujifunzia.

Muuza vitabu, mama mmoja jina lake Eudosia, aliyewahi kupiga klarineti kanisani, hakugusa rafu hata moja.

"Toeni vyombo kwanza," alisema.

Akahesabu vibonyezo kwa kidole: kumi na vitatu kwenye ya Lugoye, kumi na saba kwenye ya Ngasa. Akampa Lugoye kitabu kinene chenye jalada jekundu na michoro ya mikono. Naye Ngasa akapewa chembamba, cha kijivu.

"Mama, mimi ni mtoto?"

"Hicho ni cha watu wazima wanaoanza, baba. Maandishi makubwa, nyimbo fupi, hakuna picha za bata. Na kinafuata chombo chako. Vidole vya klarineti hii sivyo vya ile."

Ngasa alisikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye jalada jekundu. Njia nzima ya kurudi hayakubanduka hapo.

Mwezi haujaisha, Lugoye akapiga wimbo mzima wa maandamano. Wanawake wa kuchagua pamba wakasimama mlangoni kumsikiliza. Milembe, mpiga ngoma wa bendi, akamgeukia Ngasa.

"Mwenzako anauliza, klarineti inamjibu. Wewe Katibu unamkaba bata!"

Watu wakacheka. Ngasa naye akacheka, moyo ukiungua. Nani aliingia ofisini mara saba? Nani alidharauliwa kwa ajili ya bendi hii? Lugoye alikuwa wapi siku hizo? Chini ya mashine! Akaamua kwamba siri imo kitabuni.

Mkutano uliofuata, akasimama.

"Ndugu zangu, mali ya chama ni ya wote. Kwa nini mmoja ale kitabu kinene, mwingine alambe jalada? Usawa! Vibadilishwe!"

Mikono ikapanda. Nani angepinga usawa?

Lugoye alikileta kimefungwa kwa gazeti. "Chukua, Ndugu Katibu. Ila yule mama alisema kila kitabu kina chombo chake."

"Umeanza! Hutaki nijue unachokijua."

"Haya bwana," Lugoye akasema, akaenda zake.

Yeye wimbo alikwisha kuushika, hakuhitaji kitabu tena. Ngasa akaweka vidole pale michoro ilipomwonyesha. Noti nyingi zilikubali. Mbili zilikwenda upande, kila mara zilezile. Akalaumu ulimi wa mwanzi wa pale mdomoni pa klarineti, akaubadili. Akalaumu vumbi la pamba. Kitabu hakukilaumu, maana kukilaumu kungekuwa kukubali kwamba Lugoye hakupendelewa.

Mei Mosi ikafika. Ngasa alikwisha kuamua: ubeti wa kwanza atapiga Katibu peke yake, mbele, na Lugoye akae nyuma ya ngoma kubwa. Akapuliza. Noti ya kwanza kati ya zile mbili ikatoka upande, wageni wakatazamana. Ya pili ikatoka, meneja akaanza kutabasamu.

"Mpishe Lugoye aanze upya!" Milembe alinong'ona. "Ghala linaondoka!"

Ngasa akageuka. Lugoye alikuwa ameshaweka klarineti mdomoni, anangoja ishara tu, ishara ndogo ya kichwa. Ngasa akalifikiria ghala. Kisha akawafikiria wale wanawake, watakavyosimama tena mlangoni kumsikiliza Lugoye. Akafumba macho, akaanza tena mwenyewe, kwa nguvu zaidi.

Jumatatu magunia yakaingia ghalani. Wanabendi walisimama nje na vyombo vyao mikononi. Ngasa akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu, tumehujumiwa! Kitabu hiki ni kibovu!"

"Kibovu?" Milembe akamkata. "Si ndicho kilichomfundisha Lugoye? Yeye kilimjua. Kitabu cha mwenzio hakijui vidole vyako, Ngasa."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Watu wa kinu walimlaani meneja miaka mingi, na alistahili. Lakini walijua, na mpaka leo wanajua, kwamba funguo za ghala lile hazikuchukuliwa na meneja peke yake. Aliyemkabidhi ni mtu wao wenyewe, aliyeona heri wote wakose kuliko mmoja asifiwe. Ndiyo maana hata leo, mtu akianza kukodolea macho riziki ya jirani na kusahau iliyopimwa kwa mkono wake, wazee wa pale humtazama vidoleni kwanza, kisha humwambia: kitabu cha mwenzio hakijui vidole vyako.