Mikeka ya Mama Pimbi

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na milango na jirani wa kuombana chumvi, Mama Pimbi aliishi miambani na binti yake mmoja, Rukia. Alikuwa na mume pia. Mume huyo alikwenda nyuma ya milima kuwasaidia Nyati katika vita vya kwanza, hakurudi. Mama Pimbi alimshukuru Mungu kwa alichomwachia, akaendelea kusuka mikeka yake.

Asubuhi moja Korongo akatua uwanjani, pwaa! Alikuwa mjumbe wa Nyati.

"Jamani, Chui wamerudi! Wameikalia chemchemi yetu. Nyati wanasema ninyi ni ndugu zao, wasaidieni."

Baraza likaitwa. Kifaru, mwenyekiti, akakohoa mpaka vumbi likatimka.

"Mwaka wa ukame tulikula majani ya nani? Ya Nyati! Leo tukikaa kimya, nyuso zetu tutaziweka wapi? Tupeleke jeshi!"

"Jeshi!" akanguruma Simba. "Chui wakiwamaliza Nyati, kesho wako hapa."

Ngiri akasimama. "Na huku kwetu nani atalinda? Nani atalima? Mara ile walikwenda wengi, wakarudi wachache, nao wanachechemea."

"Kaa chini wewe!" akafoka Simba. "Mbio zako tunazijua, mkia juu kama bendera!"

Baraza zima likacheka, kwa kwa kwa! Ngiri akakaa.

Mama Pimbi hakucheka. Alimsikiliza huyu, akamsikiliza yule. Aliona kila mmoja ana ukweli wake. Nyati walikuwa watu wema kweli. Hata marehemu mumewe alisema hivyo alipokuwa anafunga mzigo.

Kisha Kifaru akasoma majina ya watakaokwenda. Digidigi. Sungura wawili. Kanga. Kicheche. "Na Rukia, binti wa Mama Pimbi. Ana meno makali."

Moyo wa Mama Pimbi ukafanya pa!

"Mbona sisikii mwenye pembe kubwa wala makucha makubwa?" akauliza Ngiri.

"Sisi wakubwa tunabaki kuongoza," akasema Kifaru.

Mama Pimbi akainuka taratibu. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Mmesema vizuri. Mwanangu ni wenu. Nina ombi dogo tu. Mimi ni msukaji. Nipeni siku saba nimsukie mkeka kila mzee aliyesema jeshi liende. Siku ya kuliaga jeshi mketi juu yake hapa uwanjani, kila mtu awaone."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Wangu uwe mpana."

"Wangu uwe mpana kuliko wake!" akadakia Simba.

"Utakutosha, baba. Usiwe na wasiwasi."

Nyumbani Rukia akalia. "Mama, umenitoa hivihivi?"

"Nyamaza, mwanangu. Niletee ukindu. Na tukishona, pindo tusilitie."

Rukia akamtazama mama yake. Akafuta machozi, akaenda kuleta ukindu.

Maana katika nchi ile, mkeka usiotiwa pindo ulikuwa mkeka wa msiba. Aliyeketi juu yake alikuwa mfiwa, na mfiwa hakuinuka mpaka aliyekwenda vitani arudi, au ifike habari ya kifo chake na matanga yaishe. Kila mama alilijua jambo hilo, na kila mtoto. Lakini wale wakubwa walipokwenda msibani walisimama nje penye ua, wakasema poleni, wakala, wakaondoka. Ndani hawakuwahi kuingia. Mkeka wa msiba hawakuwahi kuuona.

Siku ya saba ikafika. Jeshi limepangwa, Rukia yumo mstarini na kifurushi chake. Mikeka ikatandikwa. Kifaru akaketi, puu! Simba akaketi, puu! Wakatazama huku na huku, wakatabasamu.

Ndipo akina mama wakaja mmoja mmoja, wamevua viatu, wakamshika Kifaru mkono.

"Pole, baba."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Msiba! Amekufa nani?"

"Bado," akasema Mama Pimbi. "Lakini umeketi kuwangoja watoto hawa. Tazama pindo."

Kifaru akainamisha kichwa. Akaona nyuzi za ukindu zinaning'inia. Simba alikwisha kunyanyua makalio, lakini watu wote wakaguta, "Haa!" Kuinuka pale kulikuwa sawa na kuwaombea kifo wale watoto. Akayarudisha chini polepole.

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, baba. Mungu anisamehe. Mikeka nimeisuka mimi, lakini kuketi mmeketi wenyewe."

"Jeshi likikaa huko mwaka?"

"Mtaketi mwaka."

"Bila kugaagaa topeni?" akauliza Kifaru.

"Bila tope."

"Na nyama?" Sauti ya Simba ilikuwa imepungua sana.

"Kunde, baba. Za kuchemsha."

"Basi lisiondoke kwanza," akasema Kifaru. "Lingoje kidogo."

Jeshi likangoja, na wao wakangoja. Nzi wakaja, zzz, zzz. Simba akala kunde. Siku ya tatu Kifaru akamwita Mama Pimbi karibu.

"Mumeo. Ni mimi niliyelisoma jina lake?"

"Ni wewe, baba."

"Aliitwa nani vile?"

"Shekue."

"Shekue," akasema Kifaru. Akapapasa nyuzi za mkeka. "Na sikuja kukupa pole."

"Ulikuja. Ulisimama nje."

Baadaye Kifaru akamwita Korongo. "Bwana, niambie. Nyati wanahitaji nini leo hii, kabla ya vita?"

"Maji, mzee. Ndama wao wanakufa kwa kiu."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Hapo baraza likafunguliwa upya, na safari hii sauti zilikuwa za chini. Wakakubaliana ndama waletwe kunywa mtoni kwao mpaka mambo yatulie. Majina yote yakafutwa, na wazee wakaruhusiwa kuinuka.

"Lakini chemchemi?" akauliza Ngiri. "Nani atakwenda kusema na Chui?"

Simba akajikuna shingo.

"Mimi nitakwenda," akasema Kifaru. "Deni la majani ni langu pia." Simba akahema kwa nguvu, akajiunga naye.

Wakaondoka pamoja na Korongo. Rukia akakimbilia kwa mama yake. Lakini Mama Pimbi alikuwa amevua viatu, ameketi katikati ya mkeka ule mpana wa Kifaru, mdogo kama kokwa, mikono ameifungua kuomba.

"Mama, inuka twende nyumbani. Sikwenda mimi!"

"Wamekwenda wao, mwanangu," akasema. "Njoo uketi."

Basi, wanangu, anayetaka wengine waende vitani, kwanza aingie ndani akae na waliofiwa.