Kadencja ya Sultani Idumu

Palikuwa na sultani mmoja aliyelichukia neno "utawala". Sababu? Alimsikia kinyozi wake akilalama, "Nyumbani kwangu utawala ni wa mke wangu." Tangu siku hiyo akataka neno lake peke yake, ambalo halijapata kuingia kinywani mwa mlalahoi. Wasomi wote wa mji wakaitwa. Atakayeleta neno zuri apewe kazi ikulu, atakayeleta neno baya akavunje mawe machimboni. Walioleta "himaya" na "dola" walikuwa kule tayari, wamejifunika vyeti vyao vichwani kukinga jua.

Ikafika zamu ya Mwanamvua. Masters ya siasa kutoka Krakov, Polandi, kazi hana, analala sebuleni kwa dada yake, na ulimi wake ungeweza kukuna nazi.

"Kadencja," akasema. "Tamka kadentsya, bwana. Ndio muda wa mtu kukaa kitini."

"Ukoo wake?"

"Kipolandi. Babu yake Mlatini."

"Hao Walatini wana adabu?"

"Wamekufa wote, bwana."

"Safi! Hawatanibishia."

Papo hapo akapewa kazi: kila asubuhi asimame roshani aitishe, "Kadencja ya Sultani!" Mji ujibu, "Idumu!" Mji ukajibu, mbuzi nao wakajibu. Dada mtu akarudishiwa sebule yake.

Lakini Waziri Kirungu alinuna, maana roshani ile alimtakia mpwawe. Akamsaka baharia wa Kipolandi bandarini, akamnywesha kahawa, akarudi mbio, kilemba mkononi.

"Tumekwisha, bwana! Neno hili kwa Kilatini limetokana na kuanguka! Cadere!"

Sultani akamgeukia Mwanamvua.

"We binti, ni kweli?"

"No tak, yaani ndiyo, kweli tupu. Wimbo ukikaribia mwisho, sauti huanguka. Na mtu akipewa kiti, mwisho wake nao uko njiani. Wapolandi wakaona neno moja litatosha kwa yote mawili."

"Kwa hiyo mji mzima unaniombea nianguke?"

"Hasha, bwana. Kuanguka ulianza siku ile ulipokaa. Mji unaomba kuendelee."

"Nina miaka thelathini kwenye kiti hiki! Mbona sijavunjika hata ukucha?"

"Kuanguka hakuumizi, bwana. Kinachoumiza ni kufika chini."

Waziri akacheka, kisha akajitia kukohoa.

"Machimboni!" akanguruma Sultani. "Mchukueni! Na kuanzia kesho, marufuku mtu kusema idumu!"

Askari wakamshika mikono. Mwanamvua hakubisha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Dobrze, vyema, bwana. Nisipoitisha, hawatajibu. Wasipojibu, haitadumu. Isipodumu, utafika. Mheshimiwa Waziri, hebu agiza magodoro yatandikwe mapema."